Ritani isiyo na sahihi: uchambuzi wa kisa cha mlipakodi na mtu wake wa kodi

Kisa hiki kilitokea Marekani na kinahusu ritani, yaani taarifa ya kodi ya kila mwaka, ya mwaka wa kodi 2023. Nilikuwa mkalimani wa mlipakodi mwenyewe tangu alipopata mwanasheria wa kumtetea, baada ya barua ya ukaguzi kumfikia, na ninaandika kwa ridhaa yake. Mji na majina vimeondolewa, na tarakimu zimesogezwa kidogo bila kuharibu uwiano wake. Tutamwita mlipakodi Bi. Z., na aliyemjazia ritani tutamwita K.

Usuli

Bi. Z. analea watoto wawili peke yake. Ana ajira ya kuhudumia wazee, na siku zake za mapumziko alikuwa akisambaza vifurushi kwa gari lake mwenyewe. Kwa hiyo mwisho wa mwaka alipokea karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa W-2 kutoka kwa mwajiri, mshahara dola 38,400, kodi iliyokwisha kukatwa dola 900. Ya pili ilikuwa 1099-NEC kutoka kampuni ya usambazaji, dola 3,800, ambayo haikukatwa chochote.

Miaka ya nyuma alikuwa akienda kwa wahudumu wa kujitolea wa mpango wa VITA, ambao huwajazia ritani bure watu wa kipato cha chini na cha wastani. Walimhudumia vizuri. Aliacha kwenda kwa sababu ya foleni, na zaidi kwa sababu ya lugha. Kiingereza chake cha kazini kinamtosha, lakini Kiingereza cha kodi kilimfanya aitikie "ndiyo" kwa maswali ambayo hakuyaelewa, na hilo lilimnyima usingizi. Mwenzake wa kazini alipomwambia kuna kaka mmoja anayeongea Kiswahili na "anarudisha pesa nyingi", alichosikia kwanza ni Kiswahili, pesa baadaye. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi waliosikia kisa hiki walidhani ni tamaa.

Msomaji anapaswa pia kujua kwamba sheria ya Marekani haimtaki anayejaza ritani kwa malipo awe amesoma lolote. IRS, mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, ilijaribu kuweka mtihani na masomo ya lazima, lakini mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua katika kesi ya Loving kwamba mamlaka hiyo haina uwezo huo kisheria. Yamebaki masharti machache. Anayelipwa kujaza ritani lazima awe na namba ya utambulisho ya watayarishaji, PTIN, lazima aiweke pamoja na sahihi yake kwenye ritani, na lazima ampe mteja nakala. PTIN ni herufi P ikifuatwa na tarakimu nane. Inaonyesha ni nani aliyejaza. Haionyeshi kama anajua anachofanya.

Mambo yalivyokwenda

Kila kitu kilifanyika kwa simu. Mwishoni mwa Januari K. alimwandikia: "Dada, nitumie W-2 na kadi za watoto, mengine niachie mimi." Alimtumia picha za kadi zao za hifadhi ya jamii, yake na za watoto. Kisha akauliza kuhusu ile 1099. Jibu lilikuja kwa sauti, sekunde chache tu: "Hiyo ndogo, dada, achana nayo. Itakupunguzia." Hakuituma.

K. hakuuliza kama watoto wanaishi naye, wala kama ana biashara, wala kama amesoma chuo. Siku ya pili alimwambia atapata "kama elfu tisa", zifike ndani ya wiki moja, na ada yake ni dola 300 taslimu. Bi. Z. alilipa. Alipoomba karatasi alitumiwa picha ya skrini yenye maneno kwamba ritani imepokelewa.

Pesa zilifika mwisho wa Februari, dola 9,000 kamili. Hata hapo palikuwa na alama. Tangu sheria ya mwaka 2015, IRS hairuhusiwi kutoa kabla ya katikati ya Februari marejesho yoyote yenye nafuu ya kodi ya wenye kipato kidogo cha kazi, ile inayoitwa EITC. Anayeishi kwa kazi hii analijua hilo kama anavyojua jina lake, na hamwahidi mama wa watoto wawili pesa za wiki moja mwezi Januari.

Mwezi Oktoba ikaja barua ya ukaguzi kwa njia ya posta. IRS ilitaka, ndani ya siku 30, uthibitisho wa mambo mawili: hasara ya biashara ya saluni, dola 14,200, na karo ya chuo kikuu. Bi. Z. hajawahi kuwa na saluni wala kusoma chuo chochote Marekani. Alimpigia K. Kwanza aliambiwa barua hizo ni za kawaida, aziache. Aliposisitiza, K. akasema atamtengenezea risiti za saluni.

Ritani ilikuwa imesema nini

Hapa tutulie kidogo, kwa sababu wizi wa namna hii haueleweki mpaka hesabu iwekwe mezani.

EITC hupanda kadiri kipato cha kazi kinavyopanda, hufika kileleni, kisha huanza kushuka. Kwa mzazi asiye na mwenzi mwenye watoto wawili, mwaka 2023 kilele kilikuwa dola 6,604, na kilianza kushuka kipato kilipovuka dola 21,560. Mshahara wa Bi. Z. ulikuwa upande wa mteremko. Ukimbandikia hasara ya uongo ya dola 14,200, kipato chake kinarudi nyuma karibu na kilele, na nafuu inaruka kutoka dola 3,058 hadi dola 6,048. Kodi yenyewe nayo inapungua. Juu yake K. alidai nafuu ya wanafunzi wa chuo, ambayo hurudisha hadi dola 1,000 hata kwa asiyedaiwa kodi. Pamoja na nafuu ya watoto na kodi iliyokwisha kukatwa, jumla ikawa dola 11,100 na ushee.

Ritani ya haki, yenye mshahara wote, kipato cha vifurushi na makato ya maili alizoendesha kazini kwa kiwango cha mwaka huo cha senti 65.5 kwa maili, ingempa kama dola 5,350. Hilo lilikuwa rejesho zuri, halali, na lilikuwa haki yake bila hila yoyote.

Soma tena: ritani ilidai dola 11,100, yeye alipokea dola 9,000. Sheria inaruhusu marejesho kugawanywa katika akaunti zaidi ya moja. Akaunti ya pili haikuwa yake.

Siku tuliyopata nakala kamili, mwanasheria aliifungua Fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe, ukurasa wa pili na kuweka kidole chini kabisa. Pana kisanduku cha mtayarishaji anayelipwa: jina, sahihi, PTIN, tarehe, jina la ofisi, simu. Vyote vilikuwa vitupu. Juu yake, kwenye sehemu ya mlipakodi, palikuwa na baruapepe ambayo Bi. Z. hakuwahi kuiona. Kwa macho ya serikali, ritani hiyo alijaza yeye mwenyewe. Hakuna fomu ya idhini ya kutuma aliyotia sahihi, ile 8879, kwa sababu anayejifanya wewe hahitaji idhini yako.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza aliufanya peke yake, kabla mimi wala mwanasheria hatujaingia: alizikataa risiti. Aliniambia baadaye kwamba alijiuliza mwanawe mkubwa akimwona anaandika risiti za saluni isiyokuwapo atamwelezaje. Kisheria huo ndio uamuzi uliomwokoa. Mpaka pale, uongo ulikuwa wa K. Angepeleka risiti bandia ungekuwa wake, na adhabu ya udanganyifu ni asilimia 75 ya kodi iliyopunjwa, pamoja na kufungiwa EITC kwa miaka kumi.

Wa pili ulikuwa kutafuta kliniki ya walipakodi wenye kipato kidogo, LITC. Kliniki hizi hupata ruzuku ya serikali lakini haziko chini ya amri ya IRS, na huwatetea watu bure au kwa ada ndogo sana. Kwa Fomu 2848 alimpa mwanasheria wa kliniki uwezo wa kuzungumza kwa niaba yake, na mwanasheria akaomba muda zaidi kabla zile siku 30 hazijaisha. Kliniki ndiyo iliyoniita nikalimani. Bi. Z. hakujua kwamba hata IRS yenyewe hutumia wakalimani wa simu kwa lugha nyingi. Laiti angelijua hilo Januari.

Uamuzi wa tatu ulizua ubishi. IRS haikuuliza kuhusu kipato cha vifurushi. Je, akitaje? Ndugu mmoja wa familia alisema wazi: usijichongee. Mwanasheria alikuwa na hoja mbili. Kampuni ya usambazaji ilikwisha kupeleka nakala ya 1099 kwa IRS, kwa hiyo ni suala la muda tu. Na mtu anayeomba kuaminiwa kwamba hakujua lolote kuhusu saluni hawezi wakati huohuo kuficha anachokijua. Bi. Z. alikubali kukitaja.

Wa nne ulikuwa kumshtaki K.: malalamiko kwa Fomu 14157, kiapo kwa Fomu 14157-A kwa ajili ya pesa zilizopelekwa akaunti ya mtu mwingine, na taarifa ya polisi. Hili lilimuuma. K. ni mtu wa jumuiya yake, na walikuwapo waliomwambia mambo haya huzungumzwa nyumbani. Alichukua muda, kisha akatia sahihi.

Matokeo

Hasara ya saluni na nafuu ya chuo viliondolewa. Kipato cha vifurushi kiliongezwa. Alitakiwa kurudisha kama dola 5,800 pamoja na riba, na hilo halikujadiliwa, kwa sababu mlipakodi anawajibika kwa ritani yake hata kama kaijaza mwingine.

Mjadala ulikuwa kwenye adhabu. Mkaguzi alianza na asilimia 20 ya kiasi chote, karibu dola 1,160. Baada ya kusoma ujumbe wa simu na kiapo, aliiondoa kwenye saluni na chuo, akaibakiza kwenye kipato cha vifurushi, kama dola 160. Hakumfungia EITC kwa miaka miwili, adhabu inayowapata wanaopuuza kanuni kwa makusudi. Kodi na riba analipa kwa awamu kila mwezi, na marejesho ya miaka ijayo yatakatwa kufidia deni mpaka liishe.

Dola 2,100 zilizokwenda akaunti ya pili hazijarudi. K. alibadili namba ya simu.

Mtayarishaji wa pili

Mwaka uliofuata Bi. Z. alitaka kurudi VITA. Mwanasheria alimshauri, kwa mwaka huo mmoja wenye ukaguzi, atafute mtu mwenye haki kamili ya kumwakilisha mbele ya IRS. Wenye haki hiyo ni mawakili, wahasibu wenye leseni ya jimbo (CPA), na EA, yaani mawakala walioidhinishwa na IRS baada ya mtihani wa sehemu tatu au utumishi ndani ya mamlaka hiyo, na ambao lazima wapate saa 72 za masomo kila miaka mitatu. IRS ina orodha ya wazi ya watayarishaji wenye sifa, na sifa ya CPA huthibitishwa kwenye bodi ya jimbo lake.

Alizungumza na wawili. Wa kwanza alikuwa na ofisi ya msimu. Alipoulizwa atapatikana wapi mwezi Agosti barua ikija, alijibu kwamba barua haitakuja. Bi. Z. aliaga.

Wa pili, EA, alimchosha kwa maswali mpaka akaninong'oneza kwamba huyu anamhoji kama polisi. Watoto walilala wapi zaidi ya nusu ya mwaka? Nani mwingine anaweza kuwadai? Kuna barua ya shule yenye anwani? Maili zimeandikwa wapi? Alitaka ritani ya mwaka uliopita. Alitaja ada kulingana na fomu zinazohitajika, bila kuifunga na marejesho, na alipoulizwa atarudisha kiasi gani alisema hajui mpaka amalize. Sheria humtaka mtayarishaji anayedai EITC kwa niaba ya mteja kuuliza maswali hayo na kuyaweka kwenye Fomu 8867, vinginevyo anatozwa faini yeye binafsi. Nilipomtafsiria hilo Bi. Z., alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe anajilinda yeye, na mimi ndani yake."

Ritani hiyo ilikuwa na Fomu 8862, inayotakiwa kwa aliyepunguziwa EITC mwaka uliotangulia. EA pia alimwelekeza kuomba IRS namba ya siri ya tarakimu sita, ambayo bila hiyo hakuna awezaye kutuma ritani ya kielektroniki kwa jina lake. K. bado anazo namba za hifadhi ya jamii za familia nzima, na nadhani hatua hiyo ilikuwa muhimu kuliko zote za mwaka huo. Waliomba namba za watoto pia.

Uchambuzi

Mahakama za Marekani zimekwisha kusema ni lini "nilimwamini mtaalamu" ni utetezi. Katika kesi ya Neonatology Associates ya mwaka 2000, Mahakama ya Kodi iliweka masharti matatu: mshauri awe mtaalamu mwenye ujuzi wa kutosha, mlipakodi awe amempa taarifa kamili na sahihi, na awe ameutegemea ushauri huo kwa nia njema. Ukimweka K. kwenye mizani hiyo, sharti la kwanza linaanguka papo hapo, na la pili linaanguka kwenye 1099. Kilichomsaidia Bi. Z. ni kwamba hakuwahi kuiona ritani wala kuidhinisha saluni, na ujumbe wa simu ulithibitisha alichotuma na ambacho hakukituma. Ilikuwa bahati kwamba hakuufuta. Pale alipokuwa amejua na kunyamaza, adhabu ilibaki. Naiona hukumu hiyo ya haki.

Wengi watasema kosa lake ni kumwamini mwenzake. Sikubaliani. Mtu anayetafuta huduma kwa lugha anayoota nayo anatafuta kitu sahihi kabisa, na wapo watayarishaji Waswahili wenye sifa zote. Kilichoshindwa ni mahali imani ilipowekwa. Aliiweka kwenye ukaribu, wakati kazi hii ina sehemu yake rasmi ya imani, kile kisanduku cha chini ya ukurasa wa pili. Anayekubali kuandika jina na PTIN yake pale amekubali kutafutwa. Swali moja kwa K., "utaweka sahihi yako kwenye ritani yangu?", lingemaliza mambo kabla ya picha ya kwanza kutumwa, na linaulizika kwa Kiswahili bila kumvunjia mtu heshima.

La pili ni namna watu wanavyosifu watayarishaji. Sifa ya K. ilikuwa ukubwa wa marejesho. Lakini kwa mshahara uleule, watoto walewale na karatasi zilezile, ritani ya haki ina jibu moja, ukiacha tofauti ndogo za makato. Anayekupa elfu kadhaa zaidi ya wengine ama amegundua kitu anachoweza kukuonyesha kwenye mstari fulani wa fomu, ama amekibuni. Mwombe akuonyeshe mstari.

Kilichofanya kazi vizuri ni mpangilio wa maamuzi baada ya barua: kujibu ndani ya muda, kutopeleka uongo wa pili, kupata nakala ya ritani kabla ya kusema lolote, kusema yote. Kilichochelewa ni hilo la nakala. Angeiomba Februari angeiona saluni siku hiyo, angerekebisha kwa Fomu 1040-X, na pengine adhabu isingekuwapo hata kidogo.

Hili linawagusa wenzake wa kazini waliojaziwa na K. mwaka uleule, ambao baadhi yao bado hawajapata barua. Kanuni zinamlinda anayerekebisha ritani kabla IRS haijamwandikia: marekebisho hayo huhesabiwa kama sehemu ya ritani ya awali, na adhabu ya asilimia 20 haimgusi kama yeye mwenyewe hakudanganya. Kungoja ipite miaka mitatu, ambayo kwa kawaida ndiyo muda wa IRS kudai kodi zaidi, si kinga pia, kwani katika kesi ya Allen ya mwaka 2007 Mahakama ya Kodi iliamua kwamba udanganyifu wa mtayarishaji huiacha ritani wazi bila kikomo, hata mteja awe hana hatia. Wawili kati yao wamefika kliniki na kuomba nakala zao. Mmoja amekuta ana shamba la kuku.